Rafiki yangu alivyonusurika kula disco chuo Tabora kisa mkoba wa dawa wa mtani wake

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, na rika langu mambo vipi.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Nikiongeza hata neno, Godeliva yumo humu ndani kwa ID ambayo hataki niitaje, na huyo dada hana aibu, ataniumbua kabla hamjafika katikati.

Kilichonifanya niandike ni hasira. Leo kazini tumeletewa wanafunzi wa field. Mmoja kati yao yuko bize na simu, namuuliza unafanya nini, ananijibu, "Kaka, ni yale mafunzo ya online ya kuandika dawa, nabonyeza bonyeza tu nimalize, hayana maana."

Nilimjibu vibaya. Sana. Baadaye nikatoka nje nikatulia, nikagundua siyo yeye aliyenikasirisha. Nimemkumbuka mshkaji wangu Ndahani.

Basi kaeni niwape kisa cha jinsi Ndahani alivyokaribia kufukuzwa chuo mwaka wa mwisho, kwa kosa ambalo nina uhakika haliwezi kutokea sehemu nyingine duniani zaidi ya kwetu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, mzee wangu ni mtu wa mizinga ya nyuki. Computer hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kufungua simu mbovu za watu na kuzifunga, nyingine zikapona, nyingine ndugu zangu mnisamehe. Kiingereza nacho nilikiokota humo humo kwenye settings za simu na video za mtandaoni. Kwa hiyo nilipoingia chuo Tabora kusomea utabibu, mimi ndiye nilikuwa "IT" wa darasa. Laptop yenyewe niliiunga kutoka kwenye maiti za laptop kama nne hivi. Ilikuwa ikiwaka inalia kama pikipiki.

Nilipanga chumba Ipuli, kwa Mama Nyanzala.

Huyu mama nimweleze vizuri maana bila yeye hakuna uzi. Mjane, Mmoravian, mwanakwaya, mnene kidogo, magoti yanamsumbua, presha anayo. Mdomo anao pia. Ukiamka asubuhi hujamsalimia, anakusalimia yeye kwa sauti mtaa mzima usikie, "Mwangaluka, mtoto wa mfalme." Utaona aibu wiki nzima.

Jioni anatuletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye bakuli, na karanga, bila kuombwa. Ukimshukuru anakwambia usimpigie kelele, ule.

Ndahani yeye ni Mgogo wa Dodoma vijijini huko. Mrefu, mwembamba, mpole darasani. Alikuwa amepanga mbali, ila kwa sababu mimi ndiye mwenye laptop, akawa anashinda kwangu. Na Godeliva, binti wa Ulyankulu, Mkatoliki wa kusali rozari hadi kwenye korido ya mtihani. Sisi watatu tulikuwa group moja kwenye yale mafunzo ya online.

Sasa mafunzo yenyewe yalikuwa hivi, kwa wasioyajua.

Kila wiki unapewa mgonjwa. Siyo mgonjwa wa kweli, ni maandishi na picha kwenye screen, lakini ana jina, ana umri, ana kazi, ana mke msumbufu. Unamuuliza maswali kwa kuchagua. Ukimaliza unamwandikia dawa. Halafu system inakuonyesha kilichompata.

Hapo ndipo patamu. Ukikosea hakuna alama ya mkasi tu kama kwenye mtihani. Unaambiwa mgonjwa wako amerudi, anatapika damu. Au figo zimegoma. Au mkewe amekuja kukuuliza ulimpa nini mume wake.

Ndahani alikuwa anaumia kweli kweli. Kuna mzee mmoja wa kwenye screen alimfia. Yule mzee alikuwa anatibiwa sehemu tatu tofauti, kila sehemu wanampa dawa, Ndahani akamuuliza "unatumia dawa nyingine?", mzee akajibu hapana, Ndahani akaamini. Mzee akavujia damu tumboni.

Jamaa alifunga laptop. Mimi nacheka, "Oyaa, ni mtu wa katuni huyo."

Akaniambia, "Amenidanganya kwa sababu mimi nimeuliza kivivu."

Maelekezo ya ile kesi yalikuwa mafupi: usimuulize mgonjwa tu, mwambie alete dawa zote anazotumia, uzione kwa macho, uzishike. Hilo neno la kuzishika lilimwingia Ndahani kichwani likakaa.

Turudi kwa Mama Nyanzala.

Vijana wa Dar mnaoona utani ni kuchekesha watu kwenye status, sikilizeni. Mnyamwezi na Mgogo ni watani toka enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wanabeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na njia ilikuwa inakatiza Ugogo, nchi kavu, maji ya shida. Wagogo walikuwa wanawatoza hongo ndipo wanywe maji wapite. Siyo hongo hii ya trafiki, ilikuwa ushuru wa njia. Ugomvi wa pale ndio uliozaa utani, kwa sababu mtu utakayekutana naye kila mwaka kisimani ni bora mkataniana kuliko kuuana.

Basi siku ya kwanza Ndahani anaingia pale uani, Mama Nyanzala alipojua ni Mgogo, alikaa vizuri kwenye kiti kabisa. Macho yaliwaka kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Kumbe wewe ni mla mlenda," akasema. "Ficheni sufuria."

Ndahani yule mpole wa darasani, sijui alitoka wapi, akajibu, "Na wewe ni mpagazi. Geuka nione alama ya mzigo begani."

Nikajua hapa kazi imeanza.

Toka siku hiyo kila Ndahani akija lazima adai hongo ya maji. Alichukua kifuniko cha birika. Alichukua kandambili moja. Siku moja alimchukulia kitabu cha nyimbo cha kwaya na kesho yake ni Jumapili, mama akaenda kanisani akaimba kwa kichwa.

Na sheria ya pale nyumbani ilikuwa hivi: mtani akichukua kitu chako, hukidai. Unakikomboa kwa kitu kingine, au unasubiri akirudishe mwenyewe huku unamtukana kwa kila apitaye. Ukikidai umeshindwa. Mama Nyanzala hakuwa mtu wa kushindwa. Birika lilikaa wazi hadi nzi wakawa wenyeji.

Godeliva alikuwa haelewi. Kila mara ananiuliza, "Lakini si amwambie tu arudishe?" Namwelewesha. Haelewi.

Tukafika mwisho wa mafunzo. Kazi ya mwisho ilikuwa kila group iandike kesi yake yenyewe, ya mahali pake, mgonjwa wa kweli aliyekubali, majina yafichwe. Bila hiyo kesi hupati cheti, na chuo kilikuwa kimeshasema cheti hicho ni sehemu ya alama za mwisho.

Tukakubaliana tumuombe Mama Nyanzala. Akakubali akiwa anapepeta mchele, hata hakuinua macho. "Niandikeni, ila mniandike mwembamba."

Ijumaa mchana Ndahani akaja kuzishika zile dawa. Mama alikuwa anaweka dawa zake kwenye kimkoba cha kitenge, kinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Jamaa angeweza kuomba. Mtu yeyote angeomba. Lakini wale wawili hawakuwa wanaongea lugha hiyo.

Alikichomoa msumarini, akasimama nacho uani.

"Mpagazi, babu yako alikunywa maji kwetu akaondoka kimya kimya. Leo nimelipwa."

Mama akaangalia mkoba, akaangalia Mgogo. "Maji yapi, yale ya tope? Babu yangu alirudi na minyoo. Ni nyie mnadaiwa."

"Basi minyoo nimeisamehe, mkoba naondoka nao."

"Nenda nao. Ukivimeza vyote labda utaota nyama, maana ukitembea hivyo ni nguo ndiyo inakubeba wewe."

Tulicheka hadi jirani akachungulia.

Nia ya jamaa ilikuwa aje chumbani kwangu, aandike majina ya dawa, apige picha, arudishe jioni. Nawaapia. Mtu akija hapa kusema Ndahani alikuwa mzembe tutagombana, na mnanijua mimi nikigombana.

Kilichotokea ni kwamba simu iliingia kutoka chuo. Gari la field la kwenda vijiji vya ndani Sikonge limewahishwa, wanaondoka sasa hivi na siyo kesho. Akakimbia kufunga begi. Mkoba akautia humo humo kwenye begi, kwa haraka. Mimi na Godeliva field yetu ilikuwa hapo hapo mjini, hatukuondoka.

Kesho yake Godeliva ndiye aliuliza. "Mama, dawa umekunywa?"

Mama akajibu kwa raha zake, "Dawa zangu zimetekwa nyara na Wagogo."

Tukacheka tena. Godeliva hakucheka sana. Akasema, "Mpigie simu basi aseme ameziweka wapi."

"Mtani hapigiwi simu," mama akasema. "Nikimpigia atanitangaza hadi Dodoma."

Na mimi nikamwambia Godeliva aache, atazirudisha, huyu ni mtu mzima na anajua mwili wake. Ndivyo nilivyojua utani mimi.

Kumbuka magoti. Mama hakuacha kuumwa magoti kwa sababu ya utani. Zile dawa za maumivu alikuwa ananunua mwenyewe duka la dawa la njia panda, vidonge viwili vitatu kila siku, anameza na chai. Hizo hazikutekwa. Kwa hiyo dawa za presha hana, na za maumivu anaendelea nazo, na hizo za maumivu kazi yake moja mbaya ni kupandisha presha. Sisi watatu tulishaisoma hiyo kwenye screen, tukajibu sahihi, tukapongezwa.

Katikati ya wiki nikarudi mchana nikamkuta amekaa chini, ameegemea ukuta wa jiko, damu inamtoka puani. Aliniita kwa jina la mtoto wake. Akasema kichwa kinapasuka na ananiona wawili.

Bajaji, hospitali.

Presha waliyoipima siitaji hapa, nesi aliipima mara ya pili kwa mkono mwingine, akamwita daktari.

Daktari akauliza swali lile lile. "Anatumia dawa gani?"

Nikasema za presha.

"Zipi?"

Wakuu, nilikuwa nimevaa koti jeupe la chuo. Godeliva pembeni yangu naye amevaa. Daktari anatuangalia. Mimi najua majina ya dawa zote za presha kwenye mtaala, ila za mama aliyekuwa ananilisha michembe sijui hata moja.

"Kuna nyeupe ndogo," nikasema.

Daktari akasema, "Zote ni nyeupe ndogo."

Nikaanza kupiga simu Sikonge. Inaita, inakata. Inaita, inakata. Nikatuma meseji, "Mama yuko wodini, presha. Tuma picha ya kila kitu kilichomo kwenye mkoba." Haiendi. Nikajikuta namtukana mtu wa mtandao wa simu ambaye hata hanisikii.

Ikaenda. Ndahani aliazima baiskeli akatafuta sehemu yenye network, picha zikaanza kuingia moja moja. Zilikuwa na vumbi na kivuli cha mkono wake.

Daktari alizikuza kwenye simu yangu. Halafu akatuonyesha: dawa mbili za majina tofauti, kampuni tofauti, ila ndani ni kitu kile kile. Moja alipewa hospitali, nyingine zahanati. Akauliza na maumivu je, Godeliva akaeleza habari ya duka la njia panda. Daktari akasema huenda presha ilikuwa inapanda kwa sababu ya hizo za magoti, ndiyo maana wakawa wanamwongezea za presha, na sasa za presha zikakatika ghafla zote kwa pamoja.

"Zilikatikaje?" akauliza.

Godeliva akavua koti lake jeupe, akalikunja.

Ndahani alifika jioni hiyo hiyo kwa bodaboda, mwekundu wa vumbi toka nywele hadi viatu, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuta dada Eliza ameshafika. Eliza ni binti wa Mama Nyanzala, mwalimu wa shule ya msingi Kaliua. Alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, ananihoji mimi.

"Nani alichukua dawa za mama yangu?"

Nikamjibu, "Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi wote watatu." Nisingemtaja jamaa yangu hata ningekatwa mkono.

Ndahani akapita mbele yangu. "Ni mimi, dada. Peke yangu."

Eliza akamgeukia. Akasema, "Wewe unasomea kutibu watu?"

"Ndiyo."

"Chuo gani?"

Akamtajia. Eliza akachukua mkoba, akaingia wodini. Asubuhi alikuwa chuoni, ofisini kwa mwalimu wa taaluma, kabla hata sisi hatujafika.

Ndahani akaondolewa field. Akaambiwa atakaa kikao wiki inayofuata, na asijidanganye, mwanafunzi kuchukua dawa za mgonjwa hadi mgonjwa akalazwa ni disco. Mwaka wa mwisho. Nyumbani kwao ndiye wa kwanza kuvuka kidato cha nne.

Nilimwambia ajitetee kwa utani. Nikamwandalia maneno kabisa. Mwalimu wa taaluma mwenyewe ni Mnyamwezi wa Urambo, ataelewa tu.

Akakataa. "Nikisema utani, nimemtupia yeye."

"Kwani uongo? Si yeye aligoma kuzidai?"

"Hakugoma. Mimi ndiye nilimfunga mdomo, kwa sheria ambayo mimi ndiye nilitakiwa kuivunja."

Tuligombana hapo. Niliondoka nimebamiza mlango, halafu nikakumbuka ni chumba changu, nikarudi.

Nilimkuta kwenye laptop. Anaandika kesi yetu. Ile ya mafunzo.

Aliiandika kama ilivyo. Mama mtu mzima, presha, magoti, mkoba. Mtani wake ambaye ni mwanafunzi wa utabibu amechukua mkoba kwa utani. Mgonjwa hakudai. Swali la kesi: ungefanya nini, na lini? Akaenda wodini akamsomea mama neno kwa neno, mama akiwa ameanza kukaa. Mama akasema sawa, ila pale pa "mtu mzima" paandikwe "mrembo."

Tukaituma.

Jibu likaja. Mwezeshaji wetu wa kule online alikuwa mtu wa nje ya nchi, sitaji nchi. Akaandika kwa upole tu kwamba kesi ni nzuri ila haina uhalisia. Mgonjwa wa kawaida angeomba arudishiwe dawa zake. Turekebishe hapo, la sivyo haitapokelewa.

Mimi nikalipuka. Nilikaa kwenye keyboard, Kiingereza changu cha settings chote nikakimwaga kwenye lile jukwaa la wanafunzi wote. Nikaandika habari ya wapagazi, ya visima vya Ugogo, ya birika lisilo na kifuniko. Nikamwambia mama yangu wa kupanga amelala wodini na wewe unaniambia hana uhalisia. Godeliva alikuwa nyuma yangu ananivuta shati, "Punguza, punguza." Sikupunguza. Alifuta mwenyewe mistari miwili ambayo, sawa, ilikuwa ya matusi.

Halafu watu wakaanza kujibu. Mwanafunzi wa Dodoma akasema hata bibi yake angefanya hivyo hivyo. Wa Mtwara akasema kwao mgonjwa anaficha dawa mkwe asizione. Mmoja wa Kagera, mwingine sijui wa wapi, kila mtu akaleta ya kwao, kitu ambacho mgonjwa hawezi kukisema na sababu yake. Uzi ukawa mrefu kuliko kesi zote za ile course.

Mwezeshaji akarudi. Akasema amekosea, na kesi imepokelewa bila kubadilishwa neno. Namheshimu kwa hilo hadi leo.

Lakini cheti siyo kikao.

Siku ya kikao mimi na Godeliva tulisimama nje ya dirisha, tunasikia kila kitu. Mwalimu wa taaluma, walimu wengine wawili, Eliza. Na Mama Nyanzala, ambaye ametoka wodini na amelazimisha kuja, anapumua kwa shida toka kwenye bajaji hadi kwenye kiti.

Mama ndiye alianza. "Mwalimu, huyu ni mtani wangu. Mimi kumshtaki mtani ni aibu, wewe unajua, wewe ni wa kwetu. Mnirudishie Mgogo wangu niende nyumbani."

Eliza akasema, "Mama, ulikuwa unakufa."

"Nisingekufa. Ningemsubiri kwanza nimtukane."

Nilisikia mwalimu mmoja amecheka akajizuia.

Mwalimu wa taaluma hakucheka. Akasema, "Mama, mimi utani nauheshimu, nimelelewa nao. Lakini huyu kesho atakuwa na kalamu ya kuandikia watu dawa." Akamgeukia Ndahani. "Nina swali moja. Siku uko kazini, mtani wako akaja anaumwa. Utafanyaje?"

Nikawa najibu mimi moyoni, sema unamtania kidogo halafu unamtibu, sema hivyo.

Ndahani akasema, "Nitamwamkia, mwalimu. Nitamwambia shikamoo, nimuombe ruhusa nione dawa zake, nimrudishie mkononi kabla hajasimama. Sitakuwa mtani wake tena."

"Hata huyu?"

"Hata huyu."

Halafu pale pale, mbele ya watu wote, akageuka akasema, "Shikamoo, mama."

Wakuu, Mama Nyanzala mwenye mdomo ule, alichelewa kujibu. Tulidhani amepata tena presha. Akaitikia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Marahaba, mwanangu."

Eliza ndiye alisema, "Mwalimu, mimi basi. Nimeridhika."

Hawakumdisco. Walimrudisha nyuma, akarudia field yote na akamaliza baada yetu. Siku ya mahafali yake nilitoka Kaliua, nilikokuwa nimepangiwa kazi, kwa treni, nikachelewa, nikapiga makofi ukumbi umeshaanza kutawanyika.

Sasa hivi ni tabibu, sehemu sitaitaja. Ninyi mnaopita hapo dirishani kwake, mkimwona anawaambia mwageni dawa zote mezani, msimkasirikie.

Somo kwenu, hasa wanafunzi wa afya: zile kesi za kwenye simu siyo za kubonyeza bonyeza. Na dawa za mtu ukizishika kuziangalia, mrudishie hapo hapo. Usizitoe nje ya mlango hata kama mnacheka wote.

Ila hilo somo mngelipata kwa mwalimu yeyote. Mimi kilichonileta ni kingine.

Nikipita Ipuli naingia kwa Mama Nyanzala. Presha iko vizuri, dawa zimepunguzwa, magoti anafanya mazoezi aliyofundishwa, analalamika. Ndahani naye akipata likizo huwa anakwenda. Anabisha hodi. Anaamkia. Anakaa kwenye kiti ananyoosha mgongo, anauliza, "Dawa umekunywa, mama?" Anaangalia, anamrudishia mkononi, anaaga.

Mama anamrushia maneno. Anamwita mla mlenda, anamwita mfupa. Jamaa anatabasamu tu, anasema ndiyo mama.

Mara ya mwisho mama alinishika mkono akaniambia, "Mwambie yule daktari wako asije tena. Anitumie yule Mgogo."

Nilimpigia Ndahani nikamfikishia. Akaniambia, "Na mimi namtaka yule mpagazi. Ila kila nikifungua mdomo namuona amekaa chini pale jikoni, kama ulivyonisimulia."

Mimi mwenye mdomo nikaishia kumuuliza habari za mvua.

Sasa wakuu, hasa Wagogo na Wanyamwezi wenzangu mliopo humu, na Wazaramo pia nyie ni watani wetu: utani ukishakatika kati ya watu wawili wanaopendana, unaunganishwaje? Kuna mtu amewahi kuona? Nani anaanza?

Leteni comments, nasoma zote. Wa kumsema Ndahani vibaya aanze kwa kutaja anapoishi.